Chuo kikisema "hatuna kesi", uliza kwanza waliuliza aje

Kuna sentensi nimeisikia kwa vyuo vingi huku kwetu, kuanzia Njoro mpaka Kakamega, na kila nikiisikia inaniuma: "Sisi hapa hatujapata kesi ya dhuluma za kingono." Anayesema hivo kwa kawaida hadanganyi. Ukifungua faili kwa ofisi ya wanafunzi ni kweli hutapata kitu, labda barua moja ya kitambo ambayo haikufika mbali. Shida yangu ni vile hiyo faili tupu inageuzwa kuwa habari njema, inasomwa kwa mkutano, watu wanapiga makofi, mambo yanaendelea. Faili inahesabu waliopita ule mlango basi. Na pale mlangoni wanafunzi wenzako wamepanga laini wakingoja mambo ya HELB, ile mikopo ya masomo, na vyumba, wanakuona ukiingia, wanakuona ukitoka macho mekundu, na anayekuandikia maelezo pale ndani pengine ndiye hunywa chai ya saa nne na huyo lekchara unataka kumtaja.

Kazi yangu kwa miaka sasa imekuwa kuuliza watu maswali. Hojaji za afya, za familia, za pesa za nyumbani, Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, saa zingine Nakuru, tableti mkononi na tishati ya mradi. Jibu huwa linafuata swali, hilo nimeliona kwa kila kaunti. Ukiuliza mama wa Luanda kule Vihiga "una kazi?" atakwambia hana, alafu ukimuuliza jana alifanya nini tangu asubuhi utasikia ameuza omena, amelimia mtu shamba, amesuka nywele za watoto wawili wa jirani na akalipwa. Sasa kama swali la kazi, jambo lisilo na aibu yoyote, linapotea hivo, fikiria swali la kitu ambacho msichana hajamwambia ata mamake.

Marekani walilipima hili jambo vizuri sana na ningependa kila mtu anayetunga hojaji ya chuo huku alijue. Mwaka 1997 Bonnie Fisher, Francis Cullen na Michael Turner walifanya utafiti wa simu na wanafunzi wa kike 4,446 wa vyuo vya nchi nzima. Hao waliulizwa maswali yanayotaja kitendo chenyewe, bila kuzunguka, nani alifanya nini na sehemu gani ya mwili, alikutisha ama alikushika kwa nguvu, alafu kila aliyesema ndiyo anaulizwa maswali mengine ya kueleza hilo tukio moja moja. Wakati huohuo kundi lingine la wasichana karibu idadi hiyohiyo likaulizwa kwa mtindo wa hojaji ya uhalifu ya serikali yao, yaani umewahi kushambuliwa, umewahi kutishwa, kuna mtu alikulazimisha mambo ya ngono usiyotaka. Vyuo vya aina moja, wasichana wa umri mmoja, mwaka mmoja. Kundi la maswali ya wazi, 1.7% walikuwa wamebakwa tangu mwaka wa masomo uanze, na hapo ilikuwa haijafika ata miezi saba kamili. Kundi la pili, 0.16%. Tofauti karibu mara 11. Chuo chenye wasichana 10,000 hiyo ni 170 kwa upande mmoja na 16 kwa ule mwingine, na hao 154 waliopotea katikati hawajapotea juu ya uongo wa mtu yeyote, wamepotea kwa karatasi.

Ni kama kwenda kuvua omena na wavu wa mbuta wenye matundu makubwa alafu urudi ufuoni utangaze ziwa halina omena.

Alafu kuna jambo la ndani zaidi kwa huo utafiti. Wale ambao kile walichoeleza kilikuwa ubakaji kamili kwa maana ya watafiti, walipoulizwa kama wao wenyewe wanaona walibakwa, karibu nusu, 48.8%, walisema la. Chini ya 5% ya matukio ndiyo yalifika polisi. Lakini theluthi mbili hivi walikuwa wameambia mtu, na huyo mtu mara nyingi alikuwa rafiki, si mzazi na si chuo. Kwa hivo habari ipo. Iko kwa rumeti, iko kwa yule msichana wa chumba cha pili aliyekuazima leso asubuhi hiyo. Haiko kwa faili.

Mwenye kufungua hiyo njia alikuwa Mary Koss, mwanasaikolojia, ambaye mwaka 1982 alichapisha pamoja na mwenzake hojaji inayouliza vitendo vyenyewe badala ya kutegemea lile neno "kubakwa". Mwaka 1987 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya wanafunzi 6,159 wa vyuo 32, na 27.5% ya wasichana walikuwa wamebakwa ama kuna aliyejaribu kuwabaka tangu wafikishe miaka 14. Hiyo ndiyo ile namba ya "mmoja kati ya wanne" mnayoiona ikizunguka mpaka leo. Watu walimshambulia sana, na sehemu moja ya lawama ilikuwa na uzito: swali lake la pombe liliuliza kama ulifanya ngono bila kutaka kwa sababu mwanaume alikupa pombe au dawa, na hiyo inaweza kubeba mpaka yule aliyenunuliwa bia mbili akakubali kwa akili yake akajuta kesho yake. Mwaka 2007 hojaji ilirekebishwa, swali likawa la kuingiliwa ukiwa umelewa kiasi cha kutoweza kuzuia kinachoendelea. Mimi naona hapo ndipo heshima ya kazi hii iko, unasikiliza anayekupinga, unakaza swali, unarudi tena uwanjani.

Na kwa ule utafiti wa 1987 wanaume waliulizwa pia, waliulizwa wao wamefanya nini. Bila kutajiwa ubakaji, kwa maneno ya kitendo tu, 7.7% walikiri kitu ambacho kisheria kilikuwa ubakaji au jaribio la ubakaji. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza niliirudia. Mwanaume anaandika kwa mkono wake kwamba alimshika msichana kwa nguvu, manake kichwani mwake hajajiita mbakaji na hakuna aliyemuita hivo.

Sasa tukirudi huku. Msichana wa mwaka wa kwanza amefika chuo kule Maseno, hajui mtu, komredi, yaani mwanafunzi mwenzake, wa mwaka wa tatu amemsaidia kubeba sanduku, amemuonyesha penye watu hulipia, amempea noti za masomo. Wiki ya pili anamualika kwa bedsita yake Nyawita wapike pamoja. Kila anayesoma hapa anajua vile hiyo huitwa, ile "gold rush" ya kukimbilia mafresha, watu huiongea ni kama ni msimu wa mavuno na hakuna anayeshtuka. Kilichotokea kwa hiyo bedsita, ukimuuliza baadaye "umewahi kubakwa?" atasema la, na anaamini anasema kweli, juu alienda kwa miguu yake mwenyewe, alikula chakula cha yule kijana, na kwa masikio yake kubakwa ni kitu cha kichakani usiku na mtu usiyemjua ameshika panga. Lakini muulize kama tangu ajiunge na chuo kuna mtu aliyefanya ngono na yeye kwa kumkandamiza chini baada ya yeye kusema hataki. Nyamaza umngoje. Nimeona sura ya mtu ikibadilika kwa swali la aina hiyo, na hapo unaelewa kwamba hilo jambo lilikuwepo siku zote likingoja tu mtu aliulize kwa maneno yake.

Na usirundike vitu kwa swali moja. Nimepewa hojaji zinauliza "umewahi kulazimishwa, kutishwa, kuleweshwa, kuguswa au kushawishiwa?" yote kwa pumzi moja, na jibu ni ndiyo au la. Akisema ndiyo, ndiyo ya nini? Kuguswa makalio kwa foleni ya mesi ni kosa na liandikwe, lakini ukilichanganya na kubakwa utapata namba kubwa ambayo kila mtu ataikataa, na wa kwanza kuikataa watakuwa walewale wa faili tupu. Kila kitendo kipate swali lake na kila njia iliyotumika ipate lake, nguvu, vitisho, ulevi, usingizi. Hojaji inakuwa ndefu, sawa, iwe ndefu.

Hii ndiyo sababu watu hugombana juu ya namba za Marekani bila kusikilizana. Utafiti wa 2007 wa vyuo viwili vikubwa ulisema karibu msichana mmoja kati ya watano amedhulumiwa kingono, ama mtu akajaribu, tangu aingie chuo. Alafu mwaka 2014 idara ya takwimu za haki ya serikali yao ikatoa yake, ya miaka ya 1995 mpaka 2013: wanafunzi wa kike wa miaka 18 hadi 24, 6.1 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Watu wakaruka na hiyo ya pili wakisema mmoja kati ya watano ni propaganda. Lakini tazama: moja inahesabu miaka yote mtu amekuwa chuo, nyingine mwaka mmoja. Moja ina kuguswa kwa lazima na ngono ya ulevi, nyingine inaanza na kukwambia hii ni hojaji ya uhalifu, na inafanywa nyumbani penye mtu wa familia anaweza kuwa anasikiliza. Karibu wakati huohuo jopo la wataalamu wa baraza la utafiti la nchi hiyo lilisema wazi kwamba hiyo ya serikali kuna uwezekano mkubwa inapunguza hesabu ya ubakaji, na likashauri kuwe na utafiti wa kipekee. Kitu kingine kwa ripoti hiyo ya 2014 ambacho watu hawakutaja sana, wasichana wa umri huo ambao hawako chuo walikuwa 7.6 kwa 1,000, zaidi ya wanafunzi. Huku kwetu tungefanya vizuri kukumbuka hilo kabla hatujaanza kusema wasichana wa chuo ndio hujitafutia.

Na Kenya je? Namba tunazo, nzuri sana, ila ukiziangalia mwanafunzi wa chuo anapenya katikati ya vidole. Ile hojaji ya taifa ya afya, KDHS, ya 2022 ilipata 13% ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kudhulumiwa kingono. Ile ya ukatili dhidi ya watoto ya 2010 iliuliza vijana wa miaka 18 hadi 24 mambo ya kabla hawajafika 18, na 32% ya wasichana na 18% ya wavulana walisema waliwahi kudhulumiwa kingono. Iliporudiwa 2019 ikawa 15.6% na 6.4%. Zote hizo zinaenda nyumba kwa nyumba. Hosteli ya chuo haihesabiwi kama nyumba. Kwa hivo yule binti anayelala kwa kitanda cha dabo deka pale kampasi hayuko kwa orodha ya sampuli, na yule wa bedsita Njokerio au Lurambi tukibisha mchana yuko leksha na tukibisha jioni ameenda kwa rafiki. Nimeshabisha hiyo milango. Unaandika "hakuna mtu nyumbani", unaenda plot inayofuata.

Kitu kimoja hizo hojaji kubwa zimefanya vizuri ambacho vyuo vyetu havifanyi: usiri. Kwa KDHS maswali ya ukatili huulizwa mtu mmoja tu kwa nyumba, na mkikosa faragha sehemu hiyo inarukwa. Kwa ile ya watoto, maeneo ya kuhoji wasichana yalitengwa na ya wavulana, ili mbakaji na aliyebakwa wa mtaa mmoja wasikutane na maswali yaleyale jioni moja. Shirika la Afya Duniani liliandika miongozo ya usalama ya tafiti kama hizi tangu kitambo. Alafu chuo kinakuja kinagawa karatasi kwa ukumbi wa leksha, viti vimebanana, jirani yako anaona umetiki nini na lekchara amesimama mbele. Ama linki ya Google Forms inatupwa kwa grupu ya WhatsApp ya darasa ambayo yule lekchara ni memba, na fomu inaitisha imeli yako ya chuo ndio ifunguke. Imeli yenye namba yako ya usajili! Alafu wanashangaa watu kumi ndio wamejaza na wote wamesema hakuna shida.

Kuna njia. Kuna ile ya mtu kuvaa hedifoni, anasikia swali peke yake kwa kompyuta, anajibu kwa kubonyeza, anayemhoji hajui kitu. Miaka ya mwanzo ya 2000 watafiti waliijaribu na vijana hapahapa Kenya wakilinganisha na mahojiano ya ana kwa ana, na matokeo hayakwenda upande mmoja tu, maswali mengine mashine ilitoa zaidi na mengine haikutoa, kwa hivo nisiiuze kama dawa ya kila kitu. Kuna ile ya orodha pia: nusu ya wanafunzi wanapewa vitu vinne vya kawaida, umewahi kupanda boda usiku, umewahi kurudia mtihani, hivo hivo, na wanasema ni vingapi tu bila kusema vipi. Nusu nyingine wanapewa vilevile vinne na cha tano, kwamba lekchara aliwahi kukuitisha ngono ndio upate maksi. Ukitoa wastani wa kwanza kwa wa pili unapata asilimia ya chuo chote na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyejitaja. Hutajua ni nani wala utamsaidia aje, na inahitaji watu wengi ndio namba isiyumbe, ila kwa suala la malekchara mimi ningeanza na hiyo.

Manake hilo la malekchara lazima liulizwe peke yake na kwa majina ya mambo yetu. Maksi zinapotea, unaambiwa umfuate ofisini, ofisini unaambiwa umfuate hoteli ya mjini. Hakuna panga, hakuna kukandamizwa, na hojaji ya kukopi ya Marekani inayoanza na nguvu na vitisho inaweza kumruka huyu msichana kabisa. Na msimamizi wa atachimenti, yale mazoezi ya kazi, na mwenye plot ya kupangisha anayekuja kudai kodi saa nne usiku. Ongeza wavulana pia, waulizwe wametendewa nini na wametenda nini, yote mawili. Kijana anayedhulumiwa huku kwetu anachekwa, kwa hivo ananyamaza mara mbili.

Halafu idadi ya wanaojibu. Mwaka 2015 vyuo vikuu 27 vya Marekani vilifanya hojaji ya pamoja, zaidi ya watu 150,000 wakajibu, na 23.1% ya wasichana wa digrii ya kwanza walisema walifanyiwa ngono au kuguswa kwa lazima au wakiwa hawajiwezi tangu waingie chuo. Kubwa sana hiyo. Lakini waliojibu walikuwa 19.3% tu ya walioulizwa, na waandishi wenyewe walisema kuna dalili kwamba wasiodhulumiwa walikuwa wavivu zaidi kujibu, kwa hivo baadhi ya makadirio yanaweza kuwa juu. Chuo kwa chuo ilitoka 13% mpaka 30%. Mimi naheshimu ripoti inayojisema hivo. Kwa vyuo vyetu ningeomba kitu kidogo kuliko linki ya watu wote: chagua wanafunzi mia kadhaa kwa bahati nasibu kutoka kwa rejista, wafuate mpaka wajibu, wape kredo ya simu kwa muda wao. Mia kadhaa waliochaguliwa vizuri wananiambia mengi kuliko elfu tano waliojipeleka.

Na ukimuuliza mtu jambo kama hili usimwache hapo barabarani. Kabla ya swali la kwanza muhoji ajue atampeleka wapi anayelia. Kisumu watu wanajua Russia, yaani hospitali ya Jaramogi, na Nakuru kuna hospitali ya Level 5, na laini ya msaada ya 1195 haina malipo. Kama jambo ni la juzi, saa 72 ndio mwisho wa kuanza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ya kuzuia mimba ina mpaka saa 120, na hayo mambo yanafaa yawe kwa kikaratasi kidogo kisicho na kichwa cha kutisha, anachoweza kukiweka kwa pochi bila mtu kukishuku. Nimefanya kazi na mradi, siutaji, ambao mshauri aliajiriwa baada ya data kuisha. Wasichana walikuwa wameshafunguka kwetu na sisi tulikuwa na fulana na kalamu za kuwapea. Mafresha wengine hawajafika ata miaka 18, na kwa hao sheria ya watoto inakudai mambo mengine kabisa, hiyo ipangwe na kamati ya maadili kabla ya kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu tafiti, kuombwa.

Matokeo yakitoka yarudishwe kwa makomredi wenyewe, siku moja na yanapofika kwa seneti, isiwe PDF imefungiwa kwa ofisi ya naibu chansela. Yagawanywe kwa mahali, hosteli ya ndani, plot za nje, ofisi za chuo, atachimenti, na kwa aina ya mtu aliyefanya, ndio chama cha wanafunzi kijue kinaitisha taa za barabarani ama kinaitisha lekchara asimamishwe. Yasigawanywe kwa darasa. Idara ikiwa na wasichana watano iunganishwe na zingine mpaka wawe wengi, manake kwa darasa la watu watano, mmoja akisema ndiyo, kufikia jioni hosteli nzima inajua ni nani.